Supu Iliyoitwa Gundi

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano, asubuhi kweupe, pale wanaume wanne wenye ngazi na barua ya muhuri walipopanda juu ya darasa la watoto wadogo wakang'oa paa lote, bati kwa bati, wakalipakia kwenye lori. Walisema wameagizwa. Walisema mabati mapya yanakuja. Yanakuja lini? Hilo, walisema, wanalijua wakubwa wao. Lori likaondoka na vumbi lake, na watoto wa darasa la awali wakabaki kwenye mkeka wakitazama mawingu kana kwamba ndilo somo la siku hiyo.

Mwalimu wao hakuwa mtu wa kukaa chini akalia. Aliwapanga mstari, kila mmoja ameshika shati la mwenzake kwa nyuma, akawapeleka moja kwa moja nyumbani kwa baba yake.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Alimkuta barazani, msumari mdomoni, kiatu cha mtu kimebanwa katikati ya magoti. Mtaani walimwita Babu Lawama, na yeye jina hilo hakulichukia, maana aliona lawama ni kazi kama kazi nyingine, na asipoifanya yeye nani ataifanya? Mvua isiponyesha, ni wakubwa. Ikinyesha ikajaza mtaro mpaka mlangoni, ni wakubwa. Soli ya kiatu kipya ikibanduka kabla ya mwezi kwisha, je, aliyeruhusu viatu vya namna hiyo viingie sokoni ni nani? Shule yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu, na kwa hilo pia alikuwa na wa kumlaumu.

Aliutema msumari kiganjani. "Hawa wote umewaokota wapi?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeuliza umewaokota wapi."

"Darasa halina paa. Watu wa ofisini wameling'oa."

Uso wa fundi ukachangamka, kama uso wa mtu aliyeletewa habari aliyoitabiri mwenyewe. "Nilisema! Sikusema? Nilisema hawa watu siku moja watakuja kuchukua hata—"

"Ulisema, baba. Sasa naomba jiko lako."

Uchangamfu wote ukamtoka.

Jiko lile lilikuwa la mkewe. Mkewe alifariki mwaka uliopita. Alikwenda zahanati siku ya Ijumaa ameshika kifua, wakamwambia daktari hayupo, arudi Jumatatu. Jumatatu ilipofika hapakuwa na mtu wa kurudi. Tangu siku hiyo fundi aliliachia jiko ukimya wake. Chai alichemsha uani. Chakula aliletewa na binti yake kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Jikoni aliingia jioni tu, akafungua friza ya ile friji kuukuu, akatazama, akafunga, akatoka.

Alichokuwa akikitazama ni kopo jeupe lenye kifuniko cha bluu. Ndani yake mlikuwa na supu ya mifupa. Mkewe alikuwa na mtindo wake: kila akipika supu, alitenga kopo moja akaligandisha. "Hili ni la siku utakayochelewa," alikuwa akimwambia mumewe, na kweli fundi akichelewa kwenye viatu vya watu, alikuta supu inachemka. Kopo hili lilikuwa la mwisho. Fundi alilifunga kwa uzi wa kushonea viatu, mafundo mawili, asilifungue mtu. Mwenyewe hakujua atalifanyia nini. Alijua kitu kimoja tu: maadamu supu ile imeganda, kuna mlo mmoja ambao mkewe bado hajampakulia.

Binti yake hakuyajua haya. Yeye alikuwa ameshaingia jikoni, ameshafungua dirisha, na anapuliza vumbi juu ya masufuria.

"Ni somo la hali za vitu, baba. Yabisi, kimiminika, gesi. Nikiwachorea ubaoni hawaelewi. Lakini hapa kuna barafu, kuna maji, kuna birika. Watashika kwa mikono yao."

"Washike vyote," alisema fundi, akijiweka mbele ya friji kama mlinzi wa benki. "Friza hawashiki. Barafu nitaitoa mimi. Mtoto akigusa mlango huu, darasa limekwisha."

"Kwani humo mna nini?"

Fundi alitafuta la kusema, akakamata lililokuwa karibu. "Gundi."

"Gundi?"

"Gundi ya viatu. Kali. Sumu kabisa."

"Unaweka gundi kwenye friza, baba?"

"Joto linaiharibu. Au siku hizi na ushonaji wa viatu unaufundisha wewe?"

Basi darasa likaanza, na fundi, ambaye alisema hatakaa karibu na upuuzi huo, alihamishia kigoda chake kwenye mlango wa jikoni. Alisema barazani pana jua.

Siku ya kwanza mwalimu aliwapa kila mmoja kipande cha barafu akishike mpaka kibadilike. Palikuwa na mvulana mmoja mwenye tumbo lililotokeza mbele na sauti ya kuamrisha; wenzake walimwita Bosi. Bosi alikikamata kipande chake kwa mikono miwili, machozi yakaanza kumtoka.

"Inauma!"

"Basi iweke chini, mwanangu," alisema mwalimu.

"Nikiiweka chini Meno ataichukua!"

Meno, msichana asiye na jino hata moja la mbele, alikuwa ameshaitia yake mdomoni. "Yangu imeshakuwa maji," alitangaza. "Na maji yameshakuwa mimi."

Mwalimu akaandika hilo kichwani mwake, akaendelea.

Siku iliyofuata walipigania unga. Meno alisema unga ni kimiminika kwa sababu unamiminika, na akathibitisha kwa kuumimina juu ya kichwa cha Bosi. Bosi alisema si kweli, kwa sababu yeye hajalowa. Kesi ikapelekwa kwa mwalimu. Mwalimu akawapa kila mtu punje chache kwenye kidole, wakazitazama karibu na dirisha mpaka macho yakawatoka, wakaona kila kichembe kigumu kwa nafsi yake. Ikaamuliwa kwamba unga ni yabisi nyingi ndogondogo zilizojifanya maji ili kudanganya watu.

"Kama wagombea," alisema fundi kutoka mlangoni.

"Baba."

"Nimenyamaza."

Lakini hakunyamaza walipofika kwenye gesi. Mjukuu wake, binti wa mwalimu, aliyepewa jina la marehemu bibi yake na kwa hiyo akaitwa Bibi Mdogo na ukoo mzima, aliusukuma mtungi wa gesi kwa bega akasikia kitu kinachezacheza ndani.

"Mama, humu mna maji."

Fundi akasimama, kiatu kikaanguka. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Miaka yote wanatuuzia maji!"

"Si maji, baba. Ni gesi iliyobanwa mpaka ikawa kimiminika. Ukifungua, inapata nafasi, inarudi kuwa gesi."

Fundi aliutazama mtungi kwa muda, hasira ikageuka kuwa huruma. "Kumbe na yenyewe imebanwa," alisema, akaketi.

Ilikuwa Bosi aliyempa fundi cheo chake darasani. Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba yabisi ni kitu chenye umbo lake. Ukikitoa kwenye sahani ukakiweka kwenye kikombe, umbo ni lilelile. Maji hufuata chombo. Gesi hujaza chumba. Akauliza, nani ana mfano wa yabisi?

"Babu," alisema Bosi.

"Babu yupi?"

"Babu wa mlangoni."

Bibi Mdogo akamtetea mwenzake. "Ni kweli, mama. Harusini alinuna, sokoni hununa, nyumbani hununa. Popote ukimweka ni vilevile."

Mwalimu aligeukia ukuta akijifanya anatafuta sufuria. Fundi alipiga msumari vibaya, akajipiga kidole, akalaumu kiwanda cha nyundo. Ila jioni ile, alipokwenda kutazama kopo lake, alijikuta akitabasamu mbele ya barafu, peke yake.

Mwezi ukaendelea hivyo, mabati hayakuja, na darasa likazoea jiko. Kisha siku moja, birika likiwa linafoka na watoto wameshikilia sahani baridi juu ya mvuke wakingoja matone, friji ile iliyokuwa ikinguruma muda wote ikapiga chafya moja, ikanyamaza.

Umeme umekatika.

Fundi aliingia jikoni kabla mtu hajasema neno. Akafungua friza, akatazama, akafunga. Akatoka hadi barabarani, akatazama nyaya kama mtu anayemtazama mwizi, akauliza majirani. Kumekatika mtaa mzima. Wanatengeneza. Wanatengeneza nini? Hakuna ajuaye. Akarudi, akafungua friza, akaligusa kopo kwa kidole, akafunga.

"Hawa watu! Bili haijawahi kuchelewa kuja hata siku moja. Bili haikatiki!" Akafungua tena.

"Mwalimu," alisema Bosi, "babu anatoa baridi nje."

"Baba, usifungue. Ukiiacha imefungwa itakaa baridi muda mrefu tu."

"Nitajuaje kama inakaa baridi nisipofungua?"

Fundi akafungua ili kuhakikisha. Watoto walianza kuhesabu kwa vidole mara anazofungua, vidole vya mkono wa kwanza vikaisha, wakaenda wa pili, Meno akalazimika kuvua viatu.

"Tulifunike kwa kitu," alisema mwalimu. Alikuwa anamtazama baba yake kwa mashaka. Gundi gani hii inayomtoa mtu jasho? "Lete lile koti lako la sufu, tulizungushie hilo kopo."

"Koti!" Fundi alikaribia kucheka. "Mwenye baridi akivaa koti anapata joto. Sasa unataka nikivalishe koti kitu ninachotaka kisipate joto? Ndivyo wanavyowafundisha huko chuoni?"

"Babu anasema kweli," alisema Bosi, na darasa zima, safari hii, likawa upande wa fundi. Koti ni moto, kila mtu anajua.

Mwalimu hakubishana. Aliomba vipande viwili vya barafu, akakiweka kimoja juu ya sahani mezani, na kingine akakizungushia koti la sufu, akalikunja likawa kama mtoto mchanga. "Haya. Kipi kitakwisha kwanza?"

"Cha kwenye koti!" wakapiga kelele wote, na fundi alipiga kelele kuliko wote.

Wakakaa kukilinda. Meno aliweka sikio kwenye koti akasema anakisikia kikiyeyuka. Bosi alikionea huruma kile cha kwenye sahani, kimeachwa uchi, akataka kukipulizia. Katika kungoja huko fundi alinyanyuka mara kwa mara kwenda kwenye friza, na kila akirudi alikuwa na jina jipya la kiongozi wa kulaumu. Alipomaliza wa umeme akaenda kwa wa maji, ambao siku hiyo hawakuwa wamekosa lolote.

Cha kwenye sahani kikawa kidogo, kikawa mviringo, kikawa dimbwi. Mwalimu akalikunjua koti. Kipande kilikuwa ndani, kimelowa pembeni tu, zaidi ya nusu yake bado ipo.

Meno alikigusa kuhakikisha si cha kuchorwa.

"Koti halina joto lake," alisema mwalimu. "Linazuia tu joto lisipite. Lililo ndani halitoki. Lililo nje haliingii."

Fundi alilinyakua koti kutoka mikononi mwake, akafika kwenye friza kwa hatua mbili za mtu kijana. Akalitoa kopo. Lilipotoka, kitu kilicheza ndani. Chubwi.

Alilitikisa tena, taratibu, kama mtu anayeomba asikie kingine. Chubwi.

Akakaa sakafuni, koti kwenye bega, kopo mapajani.

"Baba?" Binti yake alichuchumaa mbele yake. "Ni gundi tu, baba. Tutanunua nyingine."

"Hainunuliwi."

"Gundi gani isiyonunuliwa?"

Fundi alivuta uzi kwa kucha mpaka fundo la kwanza likalegea. "Ni supu ya mama yako," alisema. "Ile ya siku nitakayochelewa."

Mwalimu akakaa naye sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye friji. Watoto, ambao mtu mzima akikaa sakafuni hudhani ni mchezo, nao wakakaa.

"Tuigandishe tena," alisema Meno, maana kwake hilo halikuwa jambo gumu. Si babu alishawagandishia maji, na juisi, na hata kamba ya kiatu?

"Umeme hakuna," alisema Bosi.

"Na hata ukirudi, haifai," alisema mwalimu polepole. "Chakula kikishayeyuka hakigandishwi tena, kinadhuru. Baba, katikati bado pana barafu. Bado iko sawa. Lakini ni leo. Ichemshwe leo, au imwagwe."

"Hao!" alisema fundi, na mkono ukanyanyuka kuelekea barabarani, kwenye nyaya, kwenye ofisi zote. "Hao hao! Kwanza walimwambia arudi Jumatatu. Sasa hata hiki kidogo—" Mkono ukabaki hewani bila kazi.

Bibi Mdogo alikuwa amesogea, ameweka pua juu ya kifuniko. "Babu, mbona hainuki supu?"

"Bado ina barafu, ndiyo maana," alisema Bosi kwa ubingwa. "Kitu kikiganda harufu haitoki. Inabidi iruke kwanza, iwe hewa. Si ndiyo, mwalimu?"

"Ndiyo."

Fundi alimtazama yule mvulana. Jioni zote zile alikuwa akiinamisha pua kwenye kopo lile kabla ya kulifunga, na jioni zote zile alinusa plastiki. Hakumwambia mtu. Alidhani ni yeye, pua imezeeka, au anaanza kumsahau.

"Nawasha jiko?" aliuliza binti yake.

Fundi akakata fundo la pili kwa meno, kama anavyokata uzi wa viatu, akampa kopo.

Ilimwagika kwenye sufuria ikiwa vipande na maji, na bonge moja katikati lenye mfupa uliochomoza. Watoto wakasimama juu ya viti kutazama. "Yabisi," wakasema. "Yabisi na kimiminika. Yabisi inapungua. Yabisi imekwisha!" Mafuta yaliyokuwa meupe yakawa vijicho vya dhahabu. Kiputo kimoja kikapanda, kikapasuka, kikaja kingine. Na mvuke ukainuka.

Tangawizi ilitangulia. Nyuma yake ikaja karoti, na nyuma kabisa kile kitunguu saumu kilichoungua kidogo, maana mkewe alikiunguza kila mara, makusudi, akisema supu bila hicho ni maji ya moto. Harufu ilijaza jiko, ikatoka mlangoni, ikaingia chumbani, ikapita barazani kwenye viatu vya watu. Fundi alikuwa bado sakafuni. Aliinua uso kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Amefika," alisema Meno, bila kufafanua nani.

Wakapakua. Walikuwa wengi na kopo lilikuwa moja, kwa hiyo kila mtu alipata kijiko, na fundi akapata bakuli, nalo lilikuwa la vijiko vichache. Bosi alionja, akafikiri, akatoa hukumu.

"Imezidi chumvi."

Mwalimu akashtuka. Lakini fundi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kijiko kikatikisika, na huku machozi yanamshuka wala hayafuti. "Nimemwambia maisha yetu yote!" alisema. "Maisha yetu yote, na hakunisikia! 'Imezidi chumvi, mama,' namwambia. Ananijibu, 'Kunywa maji.'"

"Basi kunywa maji, babu," alisema Bibi Mdogo, akamletea.

Alikunywa. Kisha akakwangua bakuli, akalifuta kwa kidole, akakiramba kidole. Mwalimu alichukua sufuria, akaifunika, akaifunua tena, akanusa, akaitua bila kuiosha.

Hapo ndipo friji ilipopiga chafya, ikaanza kunguruma.

"Eeeh, sasa ndiyo wanaamka!" alisema fundi. "Watu wameshakula!" Lakini alisema kwa mazoea tu, sauti haikuwa na meno.

Bibi Mdogo alikuwa amevuta kiti. Alipanda, akafungua mlango wa friza, mlango ambao hakuna mtoto aliyewahi kuugusa, na darasa zima likabana pumzi likingoja babu alipuke. Hakulipuka. Kule ndani, kwenye pembe, theluji ilikuwa imeacha nafasi ya mviringo, safi, ya ukubwa wa kopo.

Msichana aliingiza mkono, akaipapasa nafasi ile, akamgeukia babu yake. Mwalimu naye akamtazama, na Bosi, na Meno, kila mmoja na kijiko chake mkononi.

"Babu, hapa sasa tuweke nini?"